Mpagazi Mpya na Kengele ya Mjomba

Jumatatu, 8 Septemba

Mdomo wangu utaniua. Asubuhi tumeitwa na mkuu wetu, yule tunayemwita Bwana Tarehe kwa sababu hana salamu wala kwaheri, ana "nipe tarehe" tu. Waliotengeneza mpagazi wetu wametangaza kwamba mwisho wa mwezi wanamtelekeza. Hakuna marekebisho tena, hakuna ulinzi. Lazima tuhamie kwa mpagazi mpya, na wakaguzi wako njiani. "Fundi, nipe tarehe." Nikasema Jumanne ijayo. Jumanne ijayo! Nani alinituma? Wenzangu wakaniangalia kama mtu aliyejitolea figo.

Mpagazi ni jina la kupanga, alilitoa mjomba, fundi wa pale kabla yangu. Ni ile zana ya Linux inayoleta vifurushi. Ukitaka programu unamwambia, anakwenda kuichukua, anaibeba pamoja na kila inachokihitaji, anaiweka mahali pake na anakumbuka alipoiweka. Kituo kizima cha simu za dharura kinakaa mgongoni kwake: seva, kompyuta za wapokeaji simu, ramani za madereva wa magari ya wagonjwa. Skripti zote, zile orodha za amri alizoandika mjomba tangu ujana wake pale, zinamwita kwa maneno ya zamani. Na huyu mpya nusu ya maneno hayo hayaelewi.

Halafu kuna Kengele. Mtu akipiga simu na haipokelewi, baada ya muda mfupi Kengele inalia ndani ya chumba cha wapokeaji, kelele ya kung'oa meno. Mjomba aliitengeneza ili asife mtu kwa sababu mpokeaji mmoja yuko msalani na mwenzake ameshika simu nyingine. Wapokeaji wanaichukia kama nini. Ndiyo maana wanapokea haraka.

Sasa Kengele nayo ni kifurushi. Itahamia na wengine. Isipolia siku inapotakiwa kulia— Sitaki hata kumaliza sentensi.

Jumanne, 9 Septemba

Siku nzima nimesoma maelezo ya toleo jipya. Hili limeondolewa. Lile limebadilishwa jina. Lile lingine "halipendekezwi tena", kwa adabu kabisa, kama mgeni anayeonyeshwa mlango. Nimetoka macho mekundu.

Jioni mezani mjomba kaniuliza, kama anavyouliza kila siku tangu moyo wake ulipomwangusha na Mama akamhamishia kwetu: mpagazi hajambo? Nikasema hajambo. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza kabla sijaongeza neno. Daktari alisema asishtuliwe, asikasirishwe. Mama amelichukua hilo kama sheria ya nchi. Redio tunazima habari ikianza! Nitamwambiaje kwamba kazi ya maisha yake naifunga Jumanne?

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuwa nakaa pembeni yake nikitoka shule, ananiachia kibodi, nikikosea anacheka mpaka anakohoa. Sasa namdanganya huku namkatia mkate.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeanza kuandika mkalimani. Ni kiprogramu kidogo kinachojiita kwa jina la mpagazi wa zamani. Skripti ikija na maneno ya zamani, mkalimani anayapokea, anayageuza, anampa mpagazi mpya maneno anayoyajua. Majibu nayo anayageuza wakati wa kurudi. Hiyo ndiyo sehemu ya kutoa jasho! Kwa mfano, wa zamani akikuta hakuna jipya la kuleta alisema "sawa". Mpya anasema "hakuna", na skripti za mjomba zikisikia kitu kisicho "sawa" zinadhani nyumba inaungua, zinasimamisha kila kitu.

Bwana Tarehe kapita nyuma yangu na kikombe chake. Anataka kujua kwa nini nahangaika na maneno ya kale, si niandike skripti upya? Nikamwambia ni nyingi na zinategemeana kama ukoo. Akasema haya, lakini wakaguzi hawataki kuona makumbusho. Ameondoka. Kikombe kakiacha mezani kwangu.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo nimepoteza nusu siku kwa neno moja. "Rudisha."

Hili si la watengenezaji, mjomba aliliongeza mwenyewe. Kila programu ina faili la mipangilio. Ukilirekebisha kwa mkono kisha likaharibika, unasema "rudisha" na jina la programu, unapata lile la mwisho ulilolirekebisha. Basi. Nimepekua skripti zote, hakuna hata moja inayolitumia. Nani atalitumia? Nilitaka kuliacha. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikamwona mjomba anavyojidai nalo—"wale wa ng'ambo hawana hii!"—nikashindwa. Nimeliwekea njia yake kwa mkalimani. Upuuzi mtupu, lakini roho imetulia.

Ila limenifungua macho kwa jambo lingine. Mpagazi wa zamani akileta toleo jipya la programu, faili ulilorekebisha kwa mkono haligusi. Mpya haheshimu hivyo. Anaweka lake safi, la kwako analisogeza pembeni kwa jina jingine. Halipotei, lakini halitumiki.

Kwa hiyo—je, faili la Kengele mjomba aliwahi kulirekebisha? Nimelikodolea macho. Haikuandikwa popote. Sina la asili la kulinganisha. Swali la neno moja tu kwa mtu anayelala chumba cha pili! Nimesimama mlangoni kwake jioni hii. Alikuwa anamenya chungwa kwa utaratibu wake ule, ganda moja refu bila kukatika. Mama katokea na taulo begani, kanitazama. Nikamuuliza mjomba kama anataka chai.

Potelea mbali. Jumanne nitaijaribu Kengele kwa masikio yangu. Ikilia, imelia.

Jumatatu, 15 Septemba

Majaribio, stoo. Nimewasha kompyuta kuukuu iliyokuwa Meza ya Nne, enzi chumba cha wapokeaji kilipokuwa kikubwa na msimamizi wa zamu akikaa hapo. Chumba kikagawanywa, meza ikaondolewa, kompyuta ikatupwa stoo katikati ya viti vibovu. Bado inajiita Meza ya Nne, maskini, kama mstaafu anayevaa tai Jumatatu. Ina spika kubwa ya kale, nzito kama tofali. Nimeipangusa vumbi, nimeiunganisha na seva. Mpagazi mpya kapanda vizuri. Mkalimani anaongea. Skripti zinatembea.

Vizuri mno. Sipendi mambo yanayokwenda vizuri mno.

Usiku huu sili. Mama anadhani nina mimba. Ya nani, Mama? Ya seva?

Jumanne, 16 Septemba

IMELIA!

Niandike kwa mpangilio. Nimefanyia kazi yote stoo, kwa sababu ni kimya na Bwana Tarehe haji huko, anaogopa panya. Nikapiga moyo konde, nikabonyeza. Jambo la ajabu la kazi hii: mpagazi wa zamani ndiye anayembeba mpya. Anambeba mwenyewe mgongoni, anamkaribisha ndani, anamwonyesha kila kitu, kisha mgeni anamfuta. Katikati skrini ikaganda. Wa zamani ameshakwenda, mpya hajafika, seva haina mtu! Nilishika tama nikajiona nimeshaachishwa kazi. Nikakumbuka watu wanaopiga simu wakati ule, na mimi niko juu ya kiti kibovu natazama kimstari kinapepesa.

Kikaendelea. Akasema amemaliza. Kumbukumbu zote ameziandika upya kwa mwandiko ambao wa zamani hawezi kuusoma. Hakuna kurudi nyuma.

Kisha Kengele. Nilikuwa nimewaomba wapokeaji wasipokee simu yangu. Nikapiga. Ikaita. Ikaita. Nikafumba macho—na Kengele ikalia, kali, sikioni kwangu kabisa, nikaruka, kiti kikavunjika mguu! Nikatoka mbio mpaka kwa wapokeaji mikono juu. Wakashangilia, wakapiga makofi. Honi—mpokeaji mwenye sauti inayoweza kusimamisha gari—kanibeba mzima mzima.

Nililia kidogo chooni. Si huzuni.

Jumatano, 17 Septemba

Nimelala kama gogo. Bwana Tarehe katuma barua pepe ya mistari miwili: kazi nzuri, na maneno ya zamani yaondolewe ifikapo Jumatatu, mfumo uwe safi kwa wakaguzi. Yaani mkalimani afutwe! Nimejibu kwamba nitalitazama. Pia kasema kompyuta ya stoo niiache ikiwaka, kwa tahadhari. Kwa lipi, na hakuna kurudi nyuma? Sikubishana.

Mjomba: mpagazi hajambo? Hajambo, mjomba. Kweli hajambo! Mara ya kwanza sijamdanganya. Au nimemdanganya nusu.

Ijumaa, 19 Septemba

Mama mfagizi kanisimamisha kwenye korido. Anasema stoo ina shetani. Jana jioni anapiga deki, kitu kikapiga kelele mle ndani, ndoo ikamwagika, yeye huyo mpaka getini. Hataki tena kufagia upande ule. Nimecheka mpaka nikaona aibu, nikamwomba radhi. Itakuwa betri ya akiba imechoka, zile hulia zikikaribia kufa. Nimeagiza nyingine. Nimefunga mlango wa stoo kwa ufunguo ili asiogope.

Honi kaleta biskuti zamu nzima. Wanajipongeza: Kengele haijawapigia kelele wiki hii! Zamani haikupita siku mbili. Anasema wamekuwa wepesi kama swala, niwaombee tuzo. Nimekula biskuti tatu.

Kitu kinanikera na sijui ni nini. Najijua, nikikosa la kuhofia nalitafuta. Jumatatu namfuta mkalimani. Nimekubali. Yamenichosha.

Jumamosi, 20 Septemba

Tunasubiri gari. Mama kaniambia nikae chini, nisisimame mlangoni kama mlinzi, namtia wasiwasi mgonjwa. Nimekaa. Mikono haikai. Ndiyo maana naandika.

Mjomba amelala kwenye kochi, mito mgongoni. Anapumua kwa vipande. Midomo ina rangi ya majivu. Mama amemshika mkono, anamwambia habari za jirani na mbuzi wake, habari yoyote tu.

Ilianza baada ya chakula cha mchana. Alikuwa na chungwa lake. Ganda likakatika. Akaliangalia, akasema "ah", akashika kifua. Mama akapiga simu ya dharura, akaiweka spika, ikaita. Ikaendelea kuita. Mimi nilikuwa namlegeza mjomba vifungo huku nahesabu kichwani, kwa mazoea: sasa Kengele italia, sasa Honi atapokea.

Hakupokea.

Ikakatika. Mama akapiga tena. Nikajaribu simu ya mkononi ya Honi, nayo imezimwa, zamu ikianza wanazifungia kabatini. Ikaita. Na ndipo yakanijia yote kwa pamoja, biskuti, makofi, ndoo ya mama mfagizi. Spika nzito kama tofali. Jumanne ile Kengele ililia sikioni kwangu kwa sababu nilikuwa stoo! Ililia stoo! Wao chumbani hawakusikia Kengele, walinisikia mimi!

Nilisema kwa sauti: "Inalia stoo." Mama akadhani nimerukwa na akili.

Nikafungua kompyuta yangu, nikaingia kwenye seva. Faili la Kengele: safi, la asili, linasema ilie Meza ya Nne. Meza ya Nne! Imefungiwa na viti vibovu, na ufunguo ninao mimi, kwenye mkoba, pale. Faili lililosogezwa pembeni linaitwaje? Liko wapi? Nimelisoma wiki nzima, nimeliandikia mkalimani, na sikukumbuka hata herufi moja.

Mjomba akasema, "Nini?"

Mama akanitolea macho. Nikamwambia mjomba. Kwa pumzi moja, yote: mpagazi wako hayupo, nimeleta mpya, faili lako limewekwa pembeni, Kengele inalia stoo, nisamehe.

Nilingoja moyo wake usimame. Hakushtuka. Alifumba macho, kama anavyofanya akitafuta kitu kichwani. "Mbona hukuniuliza, mwanangu?" akasema. "Nililirekebisha siku walipoitoa meza. Nikaweka Meza ya Kwanza." Akavuta pumzi. Mama akamwambia nyamaza, nyamaza. Akamwinulia kidole, subiri dada. Kisha akanisomea polepole, neno kwa neno, kama zamani nilipokuwa nakaa pembeni yake. "Mpagazi. Rudisha. Kengele."

Nikaandika. Maneno yake yale yale. Mkalimani akayapokea, akayageuza. "Sawa."

Simu ya Mama ilikuwa bado inaita. Mara tukasikia inapokelewa, na nyuma yake Kengele inalia kama dunia inapasuka, na Honi anapiga kelele juu yake: "Dharura, semeni! Jamani hii imeanzia wapi tena!" Alikuwa ameshika simu ya mtoto aliyekabwa na mfupa, mwenzake ametoka nje kupunga upepo. Mama akasema jina la mtaa. Gari limetoka. Honi kaniambia limetoka, nami namwamini Honi.

Mjomba alitabasamu aliposikia ile kelele. Kweli, alitabasamu. Akasema, "Ina sauti nzuri."

Sasa tunasubiri. Bado sisikii king'ora. Mama amemaliza habari za mbuzi, kaanza upya.

Mjomba kafungua macho sasa hivi. Anauliza, tangu lini? Nikasema tangu Jumanne. Namwona anahesabu, na mimi nahesabu, na hatutazamani. Jumanne. Jumatano. Alhamisi ya mama mfagizi na ndoo yake. Sisi tulikuwa na mtu wa kukumbuka yale maneno. Wale wengine waliopiga walikuwa na nini?

Kaniambia niangalie stoo imelia mara ngapi, Kengele huandika kila inapolia. Mama kasema: waacheni watu leo, kwa jina la Mungu! Mjomba kasema: angalia.

Nimeuliza. Kompyuta iko magotini, daftari juu ya mkono wa kochi. Inajibu. Mstari mmoja kila mlio, na namba ya aliyepiga. Huu wa kwanza ni wangu, wa Jumanne, wa majaribio.

"Mingapi?" anauliza.

Nimemwambia apumue kwanza. King'ora nakisikia kwa mbali, sijui kama ni chetu. Mistari bado inashuka—